Niliona, Nikanyamaza

Kama mwaka jana kati ya Septemba na Novemba ulipanda daladala ya jioni kutoka Buhongwa kuja Nyegezi, huenda ulikaa karibu na kijana ananuka dizeli, kucha nyeusi, daftari la Historia limelowa oili kwenye jalada. Huyo nilikuwa mimi. Kwanza naomba radhi kwa ile harufu. Pili, wengi mliniuliza kulikoni, na mimi nikawajibu kwa mkato kwamba kuna ishu ya familia. Leo nataka niseme ishu yenyewe ilikuwa nini. Ilikuwa trekta. Na nyuma ya trekta kulikuwa na ukimya wangu wa nusu dakika, ambao ulitugharimu shilingi 3,120,000 na kitu kingine ambacho hakina bei.

Nyumbani kwetu ni Misungwi, ndani kidogo ukiiacha barabara ya Shinyanga. Tunalima mpunga kwenye majaruba, na pamba kidogo huko juu kwenye luseni, ule udongo wa kichanga. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo nimelelewa na baba mdogo. Miaka yote tumelima kwa plau ya ng'ombe. Ng'ombe ni wazuri, ila udongo mweusi wa mbuga una tabia zake: ukikauka ni kama saruji, ukilowa sana unanasa kama ulimbo. Siku ambazo unalimika vizuri ni chache. Trekta la kukodi nalo linakwenda kwa zamu. Mwenye ekari thelathini anaanza, wewe mwenye ekari nne unasubiri mpaka mvua zinakukuta. Msimu wa juzi tulichelewa kama wiki tatu, na mpunga wetu ukatoa mashuke mepesi ambayo hata kuku waliyaangalia mara mbili.

Basi baba mdogo akaitisha kikao. Alikuwa amesikia kuna mtu, upande wa pili wa jiji la Mwanza, anauza Massey Ferguson 240 ya zamani kwa milioni 12. Hesabu ikapigwa palepale kwenye mkeka. Ng'ombe tisa wangetoa 7,200,000. Mpunga uliokuwa ghalani na akiba yake ingetoa 3,300,000. Zilizobaki, 1,500,000, mama mdogo angekopa kwenye kikoba chao kwa jina lake. Mtu akauliza nani atakwenda kulikagua. Shangazi akacheka: "Si tuna msomi humu ndani?"

Ndugu zangu, mimi nasoma Ualimu, Kiswahili na Historia. Trekta nililijua kwa kulikimbilia nyuma nikiwa mtoto. Lakini ninyi mnajua inavyokuwa ukirudi nyumbani. Simu ya mtu ikigoma, unaitwa wewe. Barua ikitoka halmashauri, unasoma wewe. Mtoto akiugua, unaulizwa dozi. Ukisema hujui, wanakutazama kama umekula ada ya bure. Kwa hiyo nilinyoosha mgongo nikasema, "Hakuna shida, nitaliangalia."

Usiku huo nilimaliza bando lote kwenye video za YouTube. Na kwa kweli nilijifunza mambo. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, au nozeli hazipulizi vizuri. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili, mara nyingi ringi za pistoni zimechoka. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto huenda ni maji yanaingia kwenye silinda. Nikajifunza pia kwamba ukifungua kifuniko cha kujazia oili na kukuta utando kama mtindi upande wa ndani, maji na oili vimekutana mahali ambapo havikutakiwa kukutana. Video moja ikaongeza kwamba wakati mwingine utando huo ni unyevu tu, kwa injini iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa. Kumbuka hiyo sentensi ya mwisho. Ndiyo niliyojifichia.

Tulikwenda watu wanne: baba mdogo, mimi, jirani mmoja, na dereva tuliyemkodi kulileta nyumbani. Tulilikuta trekta linanguruma. Muuzaji akasema amelipasha moto ili tusipoteze muda. Rangi nyekundu ilikuwa mpya, mpaka kwenye boliti. Nikachomoa dipstiki: oili safi, ya rangi ya asali. Watu wote wakanitazama, nikatikisa kichwa kama daktari. Kisha nikafungua kile kifuniko cha juu.

Utando ulikuwepo. Mweupe, mzito, kama mtindi wa juzi.

Nusu dakika hiyo naikumbuka vizuri. Jua lilikuwa kali, injini inalia, muuzaji anaongea na simu. Moyoni nilijua swali la kuuliza: kwa nini oili ya chini ni mpya na kifuniko cha juu kina maji? Lakini nilijua pia kwamba nikiuliza, muuzaji atanijibu kwa maneno ya kifundi, nami sitakuwa na la kumrudishia, mbele ya baba mdogo na jirani. Ningeonekana mtoto. Nikajiambia, video ilisema huenda ni unyevu tu. Nikaufuta ule utando kwa kidole gumba, nikajipangusa kwenye suruali, nikafunga kifuniko. Nikasema, "Liko vizuri."

Pesa zikahesabiwa, karatasi zikasainiwa. Baba mdogo alinishika bega na kusema, "Wabeja, ng'wanawane." Ahsante, mwanangu. Sijawahi kupewa shukrani iliyonichoma kama ile.

Trekta lilipita mjini vizuri tu. Sisi tulikuwa kwenye hiace nyuma yake. Tulipopita Mkolani, dereva akaanza kugeuka geuka kutuangalia. Kufika karibu na Buhongwa tukasikia wenyewe: ngo, ngo, ngo, kama mtu anagonga mlango wa bati kwa rungu. Moshi mweupe ukafunika barabara. Kisha kimya. Sindano ya joto ilikuwa imekufa siku nyingi, haikusema kitu chochote njia nzima. Mwenye Fuso mmoja akatuburuta mpaka gereji moja pembeni ya barabara kwa shilingi 120,000, na trekta letu jekundu likapumzishwa chini ya mwarobaini. Lilikaa pale wiki tisa.

Fundi wa pale ni mzee wa maneno machache. Hakuuliza limetoka wapi. Alisubiri lipoe, akalala chini na karai, akalegeza boliti ya sampo. Kitu cha kwanza kutoka hakikuwa oili. Yalikuwa maji, kama nusu lita, yanatiririka peke yake. Maji ni mazito kuliko oili, injini ikitulia yanakwenda kukaa chini. Ndipo ikafuata oili yenyewe, rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi ile ile ilikuwa rangi ya asali.

Fundi akainuka, akafungua kile kifuniko cha juu. Utando ulikuwa umerudi. Akauliza, bila kupandisha sauti, "Nani alilikagua?"

"Kijana wangu huyu," baba mdogo akajibu. "Yuko chuo."

Fundi akanionyesha kifuniko. "Hii hukuiona?"

Nikasema, "Hapana, haikuwepo."

Wenzangu, kunyamaza kule kwa kwanza ningeweza kukutetea. Hofu, ugeni, aibu. Lakini hili la pili lilikuwa uongo kavu. Na uongo ule uliniamsha kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri kwenda Buhongwa. Watu nyumbani walisema, angalieni mtoto anavyojituma. Mimi nilijua nalipa deni.

Sasa niwaeleze injini ile ilikuwa na nini, maana nilijifunza mle zaidi ya nilivyojifunza kwenye semina nyingi. MF 240 ina injini ya Perkins ya silinda tatu, dizeli, lita 2.5. Ni injini ya ukoo wa zamani. Ndugu yake wa karibu ilifungwa kwenye Massey Ferguson 135 tangu miaka ya 1960. Ndiyo maana spea zake zinapatikana, kuanzia za Uingereza mpaka za Pakistani na India, ambako matrekta ya aina hii yameendelea kuundwa miaka mingi. Fundi alisema ugonjwa wa trekta la zamani si uzee, ni kutelekezwa. Injini ngumu ikibadilishiwa oili kwa wakati na rejeta ikitazamwa, inazika wamiliki wawili watatu.

Alipofungua silindahedi, habari yote ilikuwa pale. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Akaweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, akamulika kwa taa ya simu kwa nyuma: mwanga ukapita katikati. Hedi ilikuwa imepinda. Injini iliwahi kuchemka sana, hedi ikapinda, gasketi ikaungua, maji yakapata njia ya kuingia kwenye oili. Oili yenye maji haibebi uzito. Kati ya krenki na beringi zake panatakiwa pawe na utando mwembamba wa oili, chuma kisiguse chuma. Utando ukikatika, chuma kinasaga chuma, na ndiyo ile ngo, ngo, ngo. Mafundi husema injini imenoki. Beringi ya konrodi ya tatu ilitoka vipandevipande kwenye kiganja cha fundi, kama maganda ya karanga.

Muuzaji alifanya nini? Fundi hakumtukana hata mara moja. Alisema tu kwamba mtu akimwaga oili chafu, akatia mpya na nzito kidogo asubuhi ya mauzo, mlio unapungua kwa saa chache na dipstiki inapendeza. Kwenye kifuniko cha juu ndiko watu wengi wanakosahau kufuta. Akaniangalia. Nikainama kutafuta spana ambayo haikupotea.

Krenki tuliipeleka kuchongwa mjini. Hapo nikajifunza hesabu moja nzuri. Krenki inachongwa kwa hatua: kumi, ishirini, thelathini, yaani sehemu za elfu za inchi, na kila hatua ina beringi zake nene zaidi. Ya kwetu ilikuwa tayari iko ishirini. Kwa hiyo iliwahi kufa na kufufuliwa kabla yetu. Ikaenda thelathini. Fundi akasema, "Hapa ndiyo mwisho. Ikirudi tena mnanunua krenki nyingine." Laina zikang'olewa zikawekwa mpya, pistoni mpya, ringi mpya.

Gharama nilikuwa naziandika nyuma ya daftari la Historia. Laina, pistoni na ringi 780,000. Gasketi seti nzima 180,000. Beringi 220,000. Kuchonga krenki na kuweka laina 350,000. Kusawazisha hedi na vali 200,000. Nozeli na pampu ya dizeli 330,000. Rejeta 150,000. Oili na filta 140,000. Fundi 650,000. Ongeza 120,000 ya Fuso. Jumla 3,120,000.

Ng'ombe wengine wawili wakauzwa, 1,600,000. Bumu lilipotoka nikatoa 500,000, nikahama chumba changu Malimbe na kwenda kubanana na rafiki. Laptopu nikaiuza 370,000. Kazi zote za muhula ule niliandika kwa simu, na kama kuna mhadhiri anasoma hapa, ndiyo sababu ya yale makosa. 650,000 za fundi alikubali tulipe baada ya kulima. Wakati huo huo marejesho ya kikoba yalikuwa yanadaiwa kila wiki. Mama mdogo alianza kukwepa kupita njia ya sokoni. Hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lilinikosesha usingizi.

Katikati ya hayo yote, tukapewa kazi ya darasani kuhusu Mradi wa Karanga wa Kongwa. Wengi wenu mmeusoma kwa ajili ya mtihani. Mimi niliusoma maktaba nikiwa na oili chini ya kucha, na niliusoma tofauti. Baada ya Vita vya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mamilioni ya ekari. Mwaka 1947 walipanga kulima ekari 150,000 kwa kuanzia. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo walinunua yaliyotumika, mabaki ya vita, mengi kutoka mbali kule Ufilipino. Mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru. Yalifika, yakaanza kufa moja baada ya jingine, na ardhi ya Kongwa ikikauka ilikuwa ngumu kama matofali. Ekari walizopanda mwaka ule hazikufika hata 10,000. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Nilicheka peke yangu maktaba mpaka mlinzi akanitazama. Wale walikuwa na wizara nzima, wahandisi, na wataalamu wenye digrii. Halafu nikaacha kucheka. Mradi ule haukuuawa na matrekta peke yake. Mvua, udongo na haraka ya wakubwa navyo vilikuwa na sehemu yake. Lakini nilipofika kwenye yale matrekta ya mitumba niliwaza tu: mtu mmoja aliyafungua kabla hayajapakiwa melini. Mtu mmoja alikuwa na kidole gumba chenye utando mweupe. Mwenye haraka ya kulima hataki kusikia habari ya kifuniko, na aliyetumwa kukagua hataki kuwa mtu wa kumpa habari hiyo.

Siku ya mwisho kabla ya kufunga injini, baba mdogo alikuja Buhongwa na dumu la maziwa. Fundi alikuwa ameenda kuswali. Tukakaa kwenye tairi kuukuu chini ya ule mwarobaini, magari ya Shinyanga yanapita. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, na maneno yote niliyoyaandaa yakapotea. Nikasema tu, "Baba, kile kifuniko nilikiona. Siku ile. Kilikuwa na ule utando, nikaufuta."

Hakunijibu haraka. Akamimina maziwa kwenye kikombe, akanipa, akajimiminia.

"Nilikuona," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nilikuona ukifuta kwa kidole. Mimi nimefuga ng'ombe, trekta silijui. Lakini kitu cheupe kwenye mashine nyeusi nilikiona. Nikasema moyoni, huyu amesoma. Kama ameona na hajasema, basi si kitu. Nikaona aibu kukuuliza mbele ya watu."

Tulikaa kimya muda mrefu. Mimi nilinyamaza ili aendelee kuniona msomi. Yeye alinyamaza kwa sababu ananiona msomi. Trekta likapita katikati yetu na ng'ombe tisa mgongoni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, ila hawakusema kilio chenyewe kinaweza kumkuta mwenzako, kule sokoni anakokwepa kupita.

"Sasa," akasema, akiinuka na kukung'uta suruali, "siku nyingine ukiona, sema. Hata kama hujui ni nini. Sema, 'Baba, nimeona kitu na sikijui.' Hiyo inatosha. Mengine tutauliza wote."

Fundi aliporudi nikamwambia na yeye. Akachukua tambara, akafuta mikono, akasema, "Nilijua tangu siku ile. Suruali yako ilikuwa na doa." Kisha akanipa spana.

Injini tuliifunga siku mbili. Nati za hedi unazikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kila awamu nguvu zaidi kidogo. Ukianzia pembeni unaipinda tena wewe mwenyewe. Kabla ya kuwasha, unatoa hewa kwenye njia ya dizeli. Mimi nilikuwa napampu kwa kidole kile kile gumba kwenye kale kapampu ka mkono, fundi amelegeza skrubu, mapovu yanatoka, yanapungua, mpaka dizeli inakuja safi bila povu. Kisha unalegeza nati za nozeli, unapiga starta, unakaza. Mara ya tatu ikakohoa. Mara ya nne silinda zote tatu zikashika. Moshi ulitoka mweupe kidogo, ukapauka, ukapotea. Fundi akaweka kiganja juu ya rejeta kama anampima mtoto homa. Baada ya saa kadhaa za kazi, hedi ikakazwa upya, vali zikapimwa tena, oili ya kwanza ikamwagwa. Haikuwa na rangi ya chai.

Tulianza kulima mwishoni mwa Novemba. Tulishachelewa; wateja wa mwanzo walikuwa wamechukuliwa na wengine. Mpaka msimu unaisha tulikuwa tumelima ekari 41 za watu kwa shilingi 60,000 kwa ekari, ukiacha za kwetu. Hiyo ni 2,460,000 kabla ya kutoa dizeli na dereva. Fundi amelipwa yote. Kikoba kimebaki kidogo, na mama mdogo sasa anapita sokoni. Ng'ombe kumi na mmoja hawajarudi. Zizi lina ng'ombe watatu, na mdogo wangu wa kike anayekwenda kidato cha tano bado anauliza mahitaji yake ya shule yatatoka upande gani. Siwezi kuwadanganya kwamba hadithi imeisha vizuri. Ila ukipiga hesabu, milioni 12 na hizo 3,120,000, bado ni mbali sana na bei ya trekta jipya. Na shamba letu msimu huu limelimwa kwa wakati. Kwa hiyo sisemi msinunue la zamani. Nasema mjue mnanunua nini.

Na kwa kuwa najua likizo ikifika wengi wenu mtatumwa kukagua kitu, iwe trekta, pikipiki au mashine ya kukoboa, nawaachia machache niliyopewa na fundi. Ukikuta injini imeshapashwa moto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi, na ufike kabla hajawasha. Injini mbovu hujulikana ikiwa baridi. Angalia dipstiki, lakini angalia na kifuniko cha juu. Fungua rejeta ikiwa imepoa: maji yakiwa na mafuta juu, au yakitoa mapovu injini ikiunguruma, kuna gasketi. Sindano za joto na za presha ya oili zikiwa zimekufa, jiulize nani alifaidika zikifa. Rangi mpya kwenye boliti maana yake imepakwa kwa ajili yako. Na la mwisho, mlipe fundi aende nawe. Wa kwetu aliniambia siku ya kukagua angetudai shilingi 50,000 na nauli.

Elfu hamsini. Hatukumtafuta kwa sababu tulikuwa na msomi.

Mwezi wa saba tunakwenda kufundisha kwa vitendo. Najua siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili atainua mkono na kuniuliza kitu ambacho sikijui, darasa zima likinitazama. Najua kabisa namna ile nusu dakika inavyokuwa. Safari hii nimeshaandaa jibu, na nimelifanyia mazoezi mbele ya mtu mgumu kuliko darasa lolote, chini ya mwarobaini pale Buhongwa.